Kifaransa cha Kwenye Simu

Binti wa kaka yangu tunamwita Chiriku, kwa kuwa hanyamazi hata akiwa anakula. Kifaransa alikiokota kwenye simu. Mimi ni mpokea simu wa kampuni ya mizigo, na tangu yuko shule ya msingi, akitoka darasani alikuwa akija kukaa kando yangu, sikio kwenye mkono wa simu ya pili. Nilipoona ananishinda kujibu, nikamwachia. Mawakala wa ng'ambo, wasemao Kifaransa, wakawa wanamuulizia. Mmoja alidhani ni bibi mwenye wajukuu.

Chuo kilipompokea, kaka yangu, ambaye ni fundi wa friji, alitaka somo kuu liwe uhasibu na Kifaransa kiwe la ziada.

"Lugha ni chumvi," alisema. "Nani anakula sahani nzima ya chumvi?"

"Mimi, baba."

Somo kuu lilikuwa na usaili wa ana kwa ana. La ziada halikuwa nao. Kaka akasema akipita, yeye atanyamaza. Akishindwa, ni uhasibu, na habari hiyo isirudi tena mezani.

Siku ya usaili nilimsindikiza, nikakaa kwenye benchi la nje. Mlango ulizuiwa na tofali usijifunge, kwa sababu ya joto, kwa hiyo niliona shingo yake na walimu wawili mbele yake. Mwalimu wa kike, miwani juu ya paji la uso, alimuuliza kwa Kifaransa ametokea wapi.

Kimya. Shingo ya Chiriku ililowa jasho. Hapo ndipo nilipong'amua: miaka yote ile hajawahi kuona uso wa mtu anayezungumza naye lugha hiyo.

"Binti, chukua tu la ziada," mwalimu alisema taratibu. "Si aibu."

"Naomba kugeuza kiti."

"Ukigeuzie wapi?"

"Ukutani."

Mwalimu wa kiume, aliyekuwa akijipepea kwa faili, aliacha. "Kwani tunatisha?"

"Kidogo, mwalimu."

Akageuza. Akaweka kiganja sikioni, akasema "Haloo," kisha kwa mazoea akataja jina la kampuni yetu na kuuliza amuunganishe na nani. Yule wa faili alicheka, akadai mzigo wake umepotea. Chiriku akamhoji, wakabishana, akamtuliza. Kifaransa kilitiririka.

Mwalimu wa kike hakucheka. "Kwa simu umepita. Lakini somo kuu ni miaka mitatu ya nyuso za watu, na mwaka wa pili tunakupeleka ukaishi kwa wenye lugha. Huko utageuza viti vya mji mzima? La ziada ni mitihani ya kuandika tu. Chagua sasa hivi."

Nilibana mkoba wangu kifuani.

Miguu ya kiti ikakwaruza sakafu. Chiriku aliwageukia. Maneno yalitoka moja moja, kama maji ya bomba lililoingia hewa, na makosa ambayo kwenye simu hayafanyi. Alisema anataka somo kuu. Mwalimu akamuuliza swali jingine. Akajibu vibaya zaidi, ila hakuinamisha kichwa. Mwalimu akashusha miwani puani.

"Jumatatu," alisema. "Na utakaa mstari wa mbele."

Nyumbani, kaka alisikiliza yote bila kutia neno, kama alivyoahidi. Kisha akavuta kiti chake, akaketi mkabala na bintiye, magoti karibu yagusane.

"Haya," alisema. "Niongeleshe hicho Kifaransa. Na uniangalie."