Ordinateur ilivuka mupaka bila mimi

Leo nilikuwa Rwanda. Sikutoka Birere, kwetu Congo, kando ya mupaka.

Rezo yetu ya internet ilikatika, na mama infirmière, muuguzi, alikuwa kwenye mulango wa depo yetu ya dawa, anangojea insuline ya mugonjwa wake. Nikaweka carte SIM ya Rwanda kwenye ordinateur, kompyuta ya kazi, vile sisi wote tunafanya, maana rezo yao inafika huku. Nikafungua programu ya kuangalia stock ya dawa kwenye serveur ya ofisi yetu kubwa ya Bukavu.

Ikakataa! Mot de passe, neno la siri, ni ileile…

Papa wa informatique, mwenye kulinda serveur, akanipigia kutoka Bukavu:
“Nani huyo iko Gisenyi, kule Rwanda, anataka kuingia kwetu?”
“Papa, ni mimi! Niko Birere.”
“Serveur inakuona Rwanda. Nimeifunga kwa watu wa inje ya Congo.”

Jirani akanipa carte SIM yake ya Congo. Ikafunguka. Insuline iko!

Mama infirmière akacheka:
“Wakati ya volcan, mulima ulipotapika moto, nilikimbia nikavuka kule Rwanda na matela ya kulalia kichwani. Wewe unavuka ukiwa umekaa?”

Angalieni simu zenu. Leo muko inchi gani?