Sanda ya Kitambaa cha Meza

Enzi za Mwingereza nilikuwa mpishi wa mzungu mmoja aliyekuwa akipeleka wageni mbugani kutazama wanyama. Temeke niliishi kwa dada yangu mkubwa na mumewe. Shemeji hakuwa na kazi, na kwa kuwa ujanani aliwahi kuwinda huko kwao Rufiji, mimi ndiye niliyemwombea nafasi ya kubeba bunduki.

Tulikwenda siku nne kwa lori mpaka barabara ikatuishia. Wageni walikuwa mtu na mkewe. Siku ya tatu kambini walisikia kuna tembo jike na mtoto wake kwenye matete ya mtoni, wakataka picha ya karibu, na bwana wetu akawapeleka. Dereva aliyefuatana nao alinisimulia baadaye. Shemeji alichota mchanga, akaupeperusha.

"Upepo umegeuka, bwana. Atatunusa."

"Kazi yako kubeba bunduki," bwana akamwambia. "Tangulia."

Akatangulia.

Nilikuwa nikimenya viazi niliposikia mlio wa tembo, kisha risasi mbili. Walirudi wamembeba shemeji kwenye turubai, tembo amemkanyaga.

Mimi na dereva tulimwosha kwa maji ya mto. Sanda hatukuwa nayo. Yule mama wa Kizungu akatupatia kitambaa cheupe cha meza. Tukamsalia sisi wawili, tukamzika, tukapanga mawe juu ili fisi wasimfukue. Nilidhani kesho yake tungeondoka. Bwana akasema wageni bado hawajaona simba. Tukakaa siku tatu zaidi.

Dada nilimkuta uani anapepeta mchele. Aliliona koti la mumewe mkononi mwangu, akauweka ungo chini. Nikamweleza.

"Amekufa lini?"

"Leo siku ya nane."

"Njia ni siku nne. Hizo nyingine mlikuwa mnafanya nini?"

"Wageni walikuwa wanatafuta simba."

"Na chakula chao alipika nani?"

Alilichukua koti, akaingia ndani.

Eda ilipokwisha alitaka nimpeleke kaburini. Nikaenda kwa bwana kuomba nafasi kwenye lori. Akasema haipo, halafu akaniuliza kama namjua mtu mwingine wa kubeba bunduki.

Nikasema simjui. Kesho yake sikwenda kazini. Dada alifunga mizigo akahamia Rufiji kwa wakwe zake, na nilipotaka kumsindikiza alisema njia anaijua.