Peasi za Kufuturishia Wazee

Baba alilisema asubuhi, nikiwa namfunga vifungo vya shati.

"Leo nitakaa na wazee wenzangu barazani. Nikishindwa, msinitoe tena nje."

Tangu kiharusi kimpige alikuwa anaongea kwa kujikongoja, maneno yakitokea upande mmoja wa mdomo, lakini hayo yalitoka yamenyooka. Baba si mtu wa vitisho. Akisema hatoki, hatoki, na mimi ndiye niliyekuwa nalala chumba cha pili nikisikiliza kama anapumua vizuri.

Chanzo chake kilikuwa kikombe cha chai. Wiki chache kabla ya Ramadhani, majirani walikuja kumjulia hali, akapaliwa mbele yao. Chai ikamtoka puani, akakohoa mpaka machozi, na mmoja wao, kwa wema tu, akachukua leso akampangusa kidevu. Bora angemtukana. Kuanzia siku hiyo baba akawa anakula peke yake, mlango umefungwa, vijiko viwili vitatu basi. Mtu aliyeuza vitambaa Katesh tangu sijazaliwa, anayejuana na wateja mpaka wa Nangwa na Basotu, alikuwa hataki hata pazia lifunguliwe. Akakonda. Shati nililokuwa nalifunga asubuhi ile lilikuwa la kwake, lakini lilikaa kama ameazima.

Jioni hiyo zamu ya kufuturisha ilikuwa yetu. Mtaani kwetu kila nyumba ya Waislamu inachukua jioni yake, na wanaume wote wanafuturu na kuswali magharibi kwa mwenye zamu. Nilikuwa nimependekeza tuwaachie jirani. Baba akanitazama mpaka nikatafuta kazi ya kufanya jikoni. Na kufunga alifunga, ingawa kila mtu, pamoja na shehe mwenyewe, alishamwambia mgonjwa ana ruhusa.

Sasa nimlishe nini mbele za watu? Muuguzi alinieleza vizuri: kitu cha majimaji ndicho kibaya kwake, na maji matupu ndiyo mabaya kuliko yote, kwa sababu yanakimbilia kooni kabla koo halijajiandaa. Chakula kiwe laini na kizito kidogo, kishuke kwa pamoja. Uji mzito ungefaa, lakini baba aliuita chakula cha mtoto anayeota meno, na sikutaka awe na bakuli lake peke yake, la mgonjwa. Nilitaka kitu ambacho kila mzee pale barazani atakila kwa raha zake, na kwa bahati tu kiwe kinapita kwenye koo la baba.

Ndipo nikafikiria peasi. Kuna mama anateremka nazo kutoka huko juu Mbulu, ndoo nzima, ngumu kiasi kwamba ukiing'ata moja mbichi unajuta. Peasi hizo ukizipika haraka zinapasuka nje na ndani zinabaki ngumu. Ukizipika taratibu mchana kutwa, zinalainika mpaka kijiko kinaingia chenyewe, na bado umbo lake linabaki. Na chombo nilikuwa nacho: mdogo wangu aliyeolewa Arusha alituletea chungu cha umeme, kile chenye chungu cha udongo mzito ndani na mfuniko wa kioo, kinachopika polepole bila hata kutoa povu.

Baada ya kumvisha baba nikazimenya, nikaacha vikonyo vyake, nikazilaza humo. Sukari, maji kiasi, kijiti cha mdalasini, iliki nilizozipasua, karafuu chache, ganda la limau. Nikafunika. Kazi yote baada ya hapo ni moja tu: usifunue. Kila ukifunua joto linatoka, na chungu kile hakina haraka ya kulirudisha.

Shangazi yangu, dada yake baba, alifika na basi la Dongobesh kabla ya adhuhuri kuja kunisaidia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaka yangu ameamkaje?" Hakungoja jibu. Alishaingia jikoni, kitenge amekikaza kiunoni, na mkono uko kwenye mfuniko. "Na hii kitu ni nini?"

"Peasi za futari. Shangazi, usifunue tafadhali."

"Naangalia tu."

Akafunua, akanusa, akafunika. Nikameza mate, kama funga inavyoruhusu. Shangazi amepika maharusi na misiba tangu ujana wake, na kwake yeye sufuria isiyofunuliwa ni sufuria iliyotelekezwa. Nikienda kuanika nguo, nasikia kioo kinagonga. Nikienda kumgeuza baba, nasikia kioo kinagonga. "Haichemki," alikuwa ananiambia kila nikirudi. "Mwanangu, hii kitu haichemki."

"Haitakiwi kuchemka."

"Sasa itaivaje?"

Halafu umeme ukakatika. Mvua ilikuwa imeanza, mlima Hanang wote umeingia mawinguni, na mtaa mzima ukawa kimya, hata mashine ya kusaga ya jirani. Nikagusa ubavu wa chungu. Bado wa moto. Nikachukua blanketi nikakifunga chote. Shangazi alinitazama kama mtu aliyeanza kuchanganyikiwa.

"Tukiweke kwenye mkaa."

"Kitapasuka."

"Chungu cha udongo kipasuke kwenye mkaa? Mama yangu alipikia nini?"

"Hiki si cha namna hiyo, shangazi."

Nikasimama mbele yake. Naona aibu nikikumbuka, mtu mzima nimetanua mikono mbele ya kifaa kilichovishwa blanketi. Aliniacha, akaenda kukuna nazi za mihogo, lakini alikuna kwa kishindo.

Umeme ulirudi alasiri. Nilikuwa chumbani kwa baba. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akijizoeza na kijiko, mkono wa kulia, ule uliolala. Alikiinua mpaka kifuani, kikamtoka kikaanguka sakafuni. Wala hakunitazama. Niliokota, nikampa, nikatoka, kwa sababu nilijua asingetaka nione mara ya pili.

Jikoni nikakuta shangazi ana kopo mkononi na mfuniko uko mezani.

"Yalikuwa yamepungua," alisema. "Nimeongezea maji, zisije zikaungua."

Nilichungulia. Peasi zilikuwa zinaogelea. Mchuzi niliotaka uwe mzito wa kushikana ulikuwa maji ya kunawa, na hayo ndiyo maji aliyoniambia muuguzi. Hapo nilipasuka. Nilimfokea shangazi yangu, mtu niliyemwamkia kwa shikamoo saa chache nyuma, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia hata kwa watoto. Nilimwambia anataka kumwua baba. Nilimwambia maji ndiyo yanayompalia, maji, na yeye amejaza kopo zima.

Shangazi aliweka kopo chini. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Baba alikuwa ameshanikataza nisimwambie mtu habari ya koo lake, hata dada yake wa tumbo moja, na yeye alidhani kaka yake hana hamu ya kula tu.

"Anapaliwa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kila siku."

Shangazi alivuta jiko la mkaa karibu na mlango, akapepea mpaka likawaka, akachota mchuzi wote kutoka kwenye chungu akaumimina kwenye sufuria na kuuteleka motoni. Kisha akakaa kigodani mbele yake, akikoroga. Tulikuwa na tatizo jingine: hakuna wa kuonja. Najua mpishi anaruhusiwa kugusa kwa ncha ya ulimi na kutema, lakini nyumba yetu haijawahi kuwa na mtu aliyethubutu. Tukapima kwa macho. Shangazi alidondosha tone kwenye sahani, akainamisha, tone likakimbia. Akakoroga tena. Jua lilikuwa linashuka. Tone likaja kukimbia polepole, kisha likagoma. Tukaurudisha mchuzi juu ya peasi. Niliichoma moja kwa kijiko, kikazama mpaka kwenye moyo wake bila kutafuta nguvu. Nilitaka kulia kwa furaha.

Tukagawa kwenye mabakuli yanayofanana, la baba likiwa katikati ya mengine. Wazee walishaanza kufika, viatu vinapangwa mlangoni. Tulimtoa baba, mimi upande huu na shangazi upande ule, tukamkalisha kwenye mkeka, mgongo ukutani. Walimpokea kwa kelele za furaha, wakamwita mtoro. Akatabasamu kwa upande wake mmoja. Mimi na shangazi tukarudi ndani, tukasimama nyuma ya pazia.

Ikaadhiniwa.

Ndipo nilipoona sahani ya tende inapita kutoka mkono hadi mkono, na glasi za maji zimepangwa mbele ya kila mtu. Nilizijaza mwenyewe. Kila jioni ya Ramadhani ya maisha yangu nimezijaza, tende kwanza, maji, swala, ndipo chakula, na mikono yangu ilizijaza jioni ile bila hata kuniuliza. Mchana kutwa nilikuwa nimelinda chungu, na nikamwekea baba yangu glasi ya maji.

Shangazi aliona wakati uleule. Alinishika mkono kwa nguvu; kumpokonya baba glasi mbele ya wenzake kungekuwa kumwaibisha upya.

Baba aliitazama glasi. Wenzake walikuwa wameshaomba dua na kunywa. Mmoja akamwambia, "Fungua, mzee, wakati umeingia." Akaichukua kwa mkono wa kulia akiusaidia na wa kushoto, akaibana, akaipeleka mdomoni. Akapiga funda moja.

Kikohozi kilikuja kikubwa kuliko kile cha chai. Maji yakamwagika kifuani, glasi ikabingirika kwenye mkeka, baba akawa mwekundu, kisha akawa rangi ambayo siwezi kuieleza. Nilitoka nyuma ya pazia nikikanyaga viatu vya watu. Nikamwinamisha mbele kama muuguzi alivyonifundisha, nikamshika kifua, nikahesabu moyoni bila kujua nahesabu nini. Barazani hakuna aliyesogea, tende ziko mikononi.

Akavuta pumzi. Akavuta nyingine, ndefu, yenye mluzi. Nilimfuta kidevu kabla mtu mwingine hajafikiria kufanya hivyo, na nikaanza kumwinua nimrudishe chumbani. Niliwaza kwamba imekwisha, kwamba ameshasema na sasa hatatoka tena, na kwamba mimi ndiye niliyemfunga huko kwa mikono yangu.

Hakuinuka. Alijifanya mzito.

"Mama," alisema. Hivyo ndivyo anavyoniita. "Umepika nini?"

"Peasi, baba."

"Lete."

Shangazi alishakuwa nyuma yangu na bakuli. Baba alinyoosha mkono wa kulia kuchukua kijiko, ukatetemeka, ukarudi pajani. Wa kushoto hakuujaribu.

"Koo langu halitaki maji," aliwaambia wazee, neno moja moja. "Na mkono umelala. Mtoto wangu atanilisha. Nyie swalini, msiniangalie."

Hakuna aliyekwenda kuswali. Nilikata kipande, nikakipuliza ingawa kilishapoa. Baba akafungua mdomo mbele yao wote.