Meza ya Mvule Iliyokataa Kutoka Kabiria

Baba alikuwa karani wa serikali mjini, lakini mikono yake ilipenda mbao. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, Kalasinga mmoja mwenye duka la mbao karibu na ofisi yake alimuuzia mvule uliobaki kwenye kazi ya milango. "Chukua hii, karani," alimwambia. "Mchwa ataiangalia tu, apite."

Tuliishi Kabiria, vyumba viwili vya udongo na mabati, na mchwa walikuwa wameshakula miguu ya kitanda na mgongo wa kabati. Kwa vile ilikuwa msimu wa mvua, Baba alitengenezea meza humo humo ndani. Mama alilalamika kila jioni. Vumbi la mvule lilitupigisha chafya, likatuwasha shingoni, likaingia hadi kwenye unga. Siku moja msumeno uligonga jiwe lililojificha ndani ya ubao, ukavunjika meno. Sikuwahi kujua mti unaweza kubeba jiwe tumboni. Baba alilichokoa kwa patasi akanipa nichezee.

Meza ilipokamilika ilikuwa ya manjano. Miaka ilivyopita ikawa kahawia iliyokolea. Tulikula juu yake na kufanyia kazi za shule, Mama alisukumia chapati hapo, na kitinda mimba wetu aliogeshwa juu yake ndani ya karai. Maji yalimwagika kila siku, nayo haikuvimba wala kupinda.

Kisha tukapata nyumba ya mawe mtaa wa Satellite. Siku ya kuhama, meza haikupita mlangoni. Tuliigeuza kila upande.

"Tuikate miguu," mjomba aliyekuja kutusaidia kuhama alisema, msumeno mkononi.

Mama ndiye aliyemnyang'anya msumeno. "Hakuna mtu atakata meza yangu." Akaenda kwa mwenye nyumba, mama mmoja wa makamo aliyeishi kwenye plot hiyo hiyo ya vyumba vya kupanga. "Mama, naomba tubomoe ukuta."

"Kwa sababu ya meza?"

"Kwa sababu ya meza."

Yule mama alikuja, akaipapasa, akajaribu kuinua pembe moja, akashindwa. "Bomoeni," alisema. "Lakini mtanijengea."

Jumamosi iliyofuata wazazi wangu walirudi Kabiria kukanda udongo wa kujenga upya ukuta tuliobomoa. Walifika nyumbani jioni wamechafuka hadi viwikoni, Baba akimuuliza Mama meza ilikuwa yake tangu lini, naye akicheka tu bila kumjibu.