Maziwa ya Karakana

Kwenye karakana ya boti za faiba pale Nyamisati tulipaka rangi mlango ukiwa umefungwa. Bosi hakutaka upepo ulete mchanga kwenye rangi mbichi. Asubuhi alitugawia maziwa, kila mtu pakiti yake, maana sote tuliamini maziwa yanaondoa kifuani thina, ile dawa kali ya kuzimulia rangi. Mwenzangu alikunywa yake, akaingia ndani ya boti kupaka, akafia mle mle. Mimi nilitolewa nikiwa hai.

Hospitali nilimwuliza daktari kama sumu bado imo mwilini.

"Mzee wangu, hii wameipima kwa panya," akasema. "Panya wakiivuta inapita mapafuni, inaingia kwenye damu, nyingine inakaa kwenye mafuta. Wakitolewa kwenye hewa safi, wanaitoa kwa pumzi na mkojo. Maziwa hayasaidii kitu, yanakwenda tumboni."

Bosi alikuwa amekuja kunibembeleza nisishtaki. Akadakia, "Umesikia? Inatoka yenyewe! Panya anapona, sembuse jitu zima kama wewe?"

"Panya walitolewa nje," nikamwambia. "Sisi ulitufungia."

Nasema wazi: mwenzangu aliuawa na bosi yule, pamoja na mkaguzi aliyekuwa akija kutukagua, akaishia kunywa soda kivulini.

"Sasa mbona mikono bado inatetemeka?" nikamwuliza daktari.

Akaishika, akainamisha macho. "Sumu ilishatoka, mzee. Hayo ni madhara iliyoyaacha."