Vidonge vya Kuku

"Dawa alimaliza?" daktari aliuliza, majibu ya kipimo mkononi. Bakteria bado alikuwemo tumboni mwa Luqmani.

Luqmani alitazama viatu vyake. Mkewe, Hafidha, ndiye aliyejibu.

"Wallahi alimaliza. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpa maji."

Maji alimpa kweli. Luqmani alikuwa akipokea kikombe, anatoka nacho uani, anarudi akijipangusa mdomo.

Daktari akasema basi bakteria huyo amezizoea dawa zile, itabidi zitafutwe nyingine. Alikwisha kuwaeleza: wengi huishi naye tangu utotoni wasijue. Askari wa mwili humpiga lakini hatoki, na vita hivyo vya miaka mingi huuchubua ukuta wa tumbo. Kwa wachache huishia saratani. Hafidha hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Saratani hiyo ndiyo iliyomzika baba mkwe wake, naye ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko, uji ukarudi. Na vidonda vya tumbo vya Luqmani havikumpendeza daktari.

Waliporudi kijijini Kinole, Hafidha aliinama kusafisha banda la kuku. Chini ya kopo la maji akakuta maganda ya vidonge, nusu nyekundu, nusu njano. Aliyajua.

"Baba Yasmin, hebu njoo."

Luqmani akayatazama, kisha akamtazama jogoo wake. "Kideri kimeingia, mama Yasmin! Kuku wa jirani Castory wamekwisha wote. Wetu si hao, wazima?"

"Na tumbo lako?"

"Lilikuwa limeshaacha kuuma. Dawa ikae bure? Hata jogoo ana roho."

Alicheka. Alipoona anacheka peke yake, akainama kuyaokota maganda.

"Nimemtaja Mungu kwa ajili ya jogoo," Hafidha alisema.

Vidonge vingeweza kutafutwa vingine. Lakini kila asubuhi Hafidha alisimama mlangoni akisema bismillahi, na huyu mtu, aliyeona kwa macho yake jinsi baba yake alivyokwisha, alikuwa akiitikia huku vidonge vimo kiganjani.

Jioni alimpakulia Luqmani sahani ya peke yake. Tangu waoane walikula sinia moja.

"Unaogopa nitakuambukiza?"

"Ningeogopa hilo, ningeanza zamani kukutenga. Kesho utamwambia daktari mwenyewe. Asipojua ukweli, atakupa dawa ya kubahatisha."

"Atanicheka, mama Yasmin. Twende wote, unisemee."

"Nilishakusemea."

Asubuhi walishuka mjini. Jina la Luqmani lilipoitwa, alimgeukia mkewe. Hafidha alibaki kwenye benchi. Mlango haukufungwa vizuri, akamsikia akikohoa, kisha sauti yake, ndogo kuliko ya kawaida:

"Daktari, mke wangu hakukudanganya. Mimi nilimdanganya yeye."

Hafidha alisikia kila neno. Akafunga vizuri ushungi wake, lakini hakuinuka kwenda kumsemea.