Mke wangu alivyotaka kuzama kwa maji ya kunywa, katikati ya barabara kavu ya Miritini

Wakuu, asalaam aleikum, na habari za mchana kwa wale wasiojibu salamu.

Ninayoandika ni kweli tupu. Aliyepatwa yuko nyuma yangu anasoma, nikiongeza chumvi atanipokonya simu.

Sisi ni wa Chaani. Mke wangu Zuhura alipenda mbio, nami nikapenda Zuhura, basi nikajikuta nakimbia. Tukaingia kikundi.

Kikundi kina kocha, tumwite Kevo.

Cheti cha Kevo cha ukocha ni kwamba katoka bara. Basi. Sisi wapwani tukimwona mtu wa bara twadhani kazaliwa na raba miguuni.

Mwenyewe hakimbii, ana goti. Hutufuata na bodaboda, jerikeni la maji mapajani, akitugawia elimu ya YouTube: kunywa kabla ya kiu, ukisikia kiu umeshachelewa. Chumvi ni presha. Chai ya asubuhi ni uzito. Maji tu, jamani, maji!

Jumapili moja tukatoka Chaani kwenda Mazeras na kurudi. Jua la huku mwalijua, halina adabu.

Zuhura ni mwanafunzi mwema. Kila bodaboda ikisimama, anakunywa. Mimi nilikuwa nyuma sana, mara nyingi jerikeni lilikuwa limeshaondoka. Uvivu nao una baraka zake.

Kurudi, tulipofika Miritini, nikamkuta anatembea. Vidole vimefura kama mahamri. Kichwa, akasema, kinamgonga.

Kevo akashuka kwenye bodaboda kama profesa.

"Dehydration hiyo, buda, ameishiwa maji mwilini. Mpee maji."

"Sitaki maji miye," akasema Zuhura.

"Mpee tu, hajui anasema nini."

Nikampa. Akatapika maji meupe pe, kama bomba.

"Umeona?" Kevo akanambia. "Amepoteza maji yote. Ongeza!"

Wakuu, hapo akili yangu ikaanza kuniuliza maswali. Mtu anatapika maji, dawa yake maji?

Zuhura akanitazama. "Wewe nani?"

Swali hilo ameniuliza mara nyingi tukigombana. Siku hiyo alitaka jibu.

Kevo tayari anamsogezea chupa mdomoni, naye anageuza uso. "Niwate! Sitaki!"

Nikaipiga ile chupa ikaruka mtaroni.

"Unataka afe na kiu?" Kevo akafoka.

"Amesema hataki!"

Nikasimamisha tuktuk. Njia nzima kanilalia mapajani, macho yako wazi lakini hayanioni. Nilisoma kila sura niijuayo, na zile nisizozijua vizuri nikazisoma hivyo hivyo.

Hospitali tukapokewa na daktari, mama mmoja mpole. Swali lake la kwanza: "Amekunywa maji kiasi gani?"

Nikajibu kwa fahari ya kijinga, "Mengi, daktari. Hakukosa hata kidogo."

Akawageukia manesi, wakaanza kukimbia. Walipopima damu akaniita pembeni.

"Mkeo hana kiu. Chumvi yote ya damu imezimuliwa na maji, na ubongo unavimba. Amezama akiwa nchi kavu. Mngemwongeza maji zaidi, huenda angepata degedege, au asifike hapa."

Wakamtundikia dripu ya chumvi kali. Naam, ile ile adui wa Kevo.

Jioni Zuhura akafumbua macho, akanitaja kwa jina langu. Nikatoka nje kulia, nikisingizia simu.

Kesho yake Kevo akaandika kwenye group: "Team, utafiti wangu unaonyesha maji mengi ni hatari. Tuwe makini." Utafiti wake! Wakampigia makofi. Mmoja akamwita mwalimu.

Sasa Zuhura anakimbia tena. Anakunywa akiona kiu. Mbio ndefu hakai na njaa, hubeba ndizi na kitu cha chumvi. Mimi bado niko nyuma.

Mwenzako akivimba vidole, akitapika, akianza kupotelewa na akili, usimlazimishe maji. Mkimbize hospitali.

Na akisema hataki, hataki. Mke wangu alisema waziwazi, kwa Kiswahili safi, tukamtafsiria.

Haya, uwanja wenu. Makocha wa YouTube nanyi karibuni, Zuhura atawajibu mwenyewe.